Protini Yangu Inaishia Kwenye Mashapo: Je, Nipunguze Joto?

SWALI: Ninaotesha bakteria wa Escherichia coli waliopandikizwa jeni ya kimeng'enya cha kiumbe mwingine. Katika nyuzi 37 za Selsiasi protini hutoka kwa wingi, lakini nikishapasua seli na kuzizungusha kwenye sentrifuji, karibu yote huwa kwenye mashapo. Nimeshauriwa nishuke hadi nyuzi 18. Joto linahusianaje na uimara wa protini?

JIBU: Ushauri huo ni mzuri, ila "uimara" hapa una sura mbili: protini kujikunja sawasawa hata ibaki imeyeyuka, na protini kutokatwakatwa ndani ya seli.

Katika nyuzi 37 bakteria hawa, wakiwa na chakula cha kutosha, huongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi, na minyororo ya protini hutengenezwa kwa kasi inayozidi uwezo wa protini walezi, kama GroEL na DnaK, wa kuisaidia ijikunje. Sehemu zinazokwepa maji, ambazo zilipaswa kufichwa ndani, hubaki wazi, na kwa kuwa mvutano baina yake huongezeka joto linapopanda, hunasana na kuwa mabonge yasiyoyeyuka. Ndiyo mashapo yako. Katika nyuzi 18 utengenezaji hupungua kasi na mvutano huo hulegea.

Kuhusu kukatwakatwa, protini zilizojikunja vibaya huamsha mwitikio ule ule wa seli iliyopigwa na joto, na vimeng'enya vya kukata protini, kama Lon, huongezeka. Dalili yake kwenye jeli ya kutenganisha protini kwa ukubwa ni mistari hafifu chini ya mstari unaoutarajia. Aina ya E. coli iitwayo BL21 hupendwa kwa sababu haina Lon wala OmpT, kimeng'enya kingine cha kukata protini; kama yako si hiyo, pasulia seli zako juu ya barafu.

Usianze na nyuzi 18 tangu mwanzo, maana utasubiri mno. Otesha katika nyuzi 37 mpaka ukungu wa kimiminika usomeke 0.6 kwenye mawimbi ya nanomita 600, poza chupa hadi nyuzi 18, kisha ndipo utie IPTG, kemikali inayowasha jeni iliyopandikizwa, na kuiacha usiku kucha. Wengi hukosea hapa: huhamishia chupa kwenye inkubeta ya baridi na kutia IPTG papo hapo, ilhali lita nzima ya kimiminika hupoa polepole, na mabonge huanza kabla baridi haijafika. Ichovye kwanza kwenye maji ya barafu.

Baridi haitibu kila kitu. Protini inayohitaji vifungo vya salfa haitajikunja vizuri ndani ya seli ya kawaida, hata ukishuka vipi. Mabonge nayo si hasara tupu: mara nyingi humo protini husalimika isikatwe, na huweza kuyeyushwa kwa urea ya molari 8 na kukunjwa upya, ingawa mimi ningeiacha njia hiyo iwe ya mwisho.

Jaribu nyuzi 37, 25 na 18 kwa pamoja, upime mashapo na maji ya juu ya kila moja, na usiishie kwenye jeli: pima pia utendaji wa kimeng'enya, kwani kuna protini zinazoyeyuka vizuri na bado hazifanyi kazi.