Maji kwanza, sola baadaye: maswali yenu kuhusu kulaza wageni

Tangu niseme kwamba mimi na mzee wangu tunalaza wageni kwa vyumba vinne huku upande wa Dunga, Kisumu, na tunajaribu kufanya bila kuharibu mazingira, maswali yamekuja mpaka nikachoka kusoma. Nimechagua haya.

Tuko na nyumba ya vyumba vitatu Nakuru na akiba kidogo. Tuanze na sola?

Hapana jameni, anzeni na maji. Stima ya Kenya sehemu kubwa inatoka kwa mvuke wa ardhini hapo kwenu Olkaria, na ingine kwa maji na upepo, kwa hivyo kuunganisha stima si dhambi, sola itangoja pesa ipatikane. Lakini mgeni akikosa maji ya kuoga saa moja asubuhi hataki kusikia habari za mazingira. Na visima vingi vya Rift Valley viko na floraidi, ndo ile inafanya meno yanakuwa kahawia, kwa hivyo maji ya mvua kwenu ni mali.

Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua ikinyesha kwa mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 100 za mraba, mvua ya milimita 20, hizo ni lita 2,000, toa zile zinamwagika na kurukia pembeni useme 1,600. Sisi tulinunua tangi kubwa la bei alafu tukabania pesa kwa gata, fundi akaweka nyembamba, na mnajua mvua ya Kisumu ya jioni inavyokuja na hasira. Maji yaliruka gata yote yakaenda kwa maua, na mzee wangu akasimama nje na mwavuli mkono mmoja na beseni mkono mwingine, wageni wakiangalia kutoka veranda. Nunua gata pana kwanza. Na maji ya kwanza baada ya kiangazi yaachie yaende, hayo ni vumbi na mavi ya ndege.

Mke wangu anasema nimemfanya mfanyakazi wa hoteli ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mimi naona tunajenga pamoja. Nimwambie nini? (Bungoma)

Ndugu yangu, usimwambie kitu, msikilize, kwa sababu anakwambia ukweli. Nitakupa yetu. Mwaka wa kwanza tulikubaliana hakuna mashine ya kufua, ati inakula stima, na mimi nikakubali kwa sababu wazo lilikuwa zuri. Sasa vyumba vinne vikijaa ni shuka nane, foronya nane, taulo nane, na mikono ni yangu. Mzee wangu alikuwa veranda anaeleza wageni vile betri ya sola inafanya kazi, wanampigia makofi, wanampiga picha. Siku moja nikachukua daftari la mtoto nikaandika wiki nzima nani amefanya nini. Upande wangu ulijaa kurasa tatu. Wake ulikuwa na "kununua balbu" na "kupiga stori". Hakuongea siku mbili.

Tulinunua mashine. Na unajua nini, kinachokula stima kwa kufua sanasana ni kupasha maji moto, ukifua kwa maji baridi na ukaanika juani inakula kidogo tu, na jua la Kisumu saa tano shuka zimekauka. Kumbe hayo yote tuliyaita kutunza mazingira yalikuwa yanalipwa na mgongo wangu. Tafuteni pia dada wa kusaidia, mumlipe vizuri na kwa wakati, na muwe na siku moja ya wiki hampokei mtu. Sisi ni Jumatatu. Na wewe chukua shuka, si za mfano, za kila siku.

Tukipuliza dawa ya mbu si tutakuwa tumedanganya wageni kwamba sisi ni wa mazingira?

Dada, mko Kisumu, malaria huku si hadithi. Neti yenye dawa kila kitanda, hata wakisema inawafanya wajisikie kwa hema, waya kwa madirisha, na tangi lifunikwe vizuri kabisa maana maji yaliyotulia ndo wodi ya kuzalia mbu. Mchaichai panda, unanukia vizuri na chai yake ni tamu, lakini usiambie mtu utamkinga na malaria. Ukihitaji kupuliza, puliza, na umwambie mgeni kabla hajaingia chumbani.

Naweza kupika na gesi ya gugumaji? Ziwa limejaa bure!

Linaoza na kutoa gesi, ndio, lakini zaidi ya asilimia 90 ya hiyo mmea ni maji, kwa hivyo utabeba, utakatakata, utabeba tena, na sufuria bado haijachemka. Sisi bayogesi yetu ni mavi ya ng'ombe wa jirani, ndoo moja ya mavi kwa ndoo moja ya maji, na yanayobaki yanaenda kwa sukuma wiki. Gugumaji likikaushwa akina mama wanalisuka viti na vikapu, hivyo ndo vimejaa kwa vyumba vyetu, na wageni wananunua.

Breakfast muandae nini, na leseni je?

Leseni: kibali cha biashara cha kaunti, leseni ya Tourism Regulatory Authority (wale wa serikali wanasimamia utalii), na vyeti vya afya vya wanaoshika chakula. Msiruke, mtajuta. Chakula: uji wa wimbi, nduma, viazi vitamu, mayai ya kienyeji, ndizi, na blubandi kwa kibakuli, si zile pakiti ndogondogo za plastiki. Kuna mzungu mmoja aliuliza soseji siku ya kwanza. Siku ya tatu alikuwa jikoni anamenya nduma na mimi, mikono inamwasha, nikampa mafuta apake na tukaendelea.