Heshi ya komiti si kitambulisho cha kiraka

Swali: Kiraka changu (badiliko la msimbo wa programu) kimerekebishwa mara tano kabla ya kupokelewa, na kila mara komiti (hatua ya kazi iliyohifadhiwa) hupata heshi mpya, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaoitambulisha. Mkaguzi anataka kuona kilichobadilika tangu toleo la pili. Mwenzangu anasema reflog yatosha, kwa kuwa Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, haipotezi kitu. Je, ni kweli?

Jibu: Si kweli, na wanaoeneza kauli hiyo wanawaponza wenzao. Reflog ni daftari la komiti ambazo tawi (mkondo wa kazi) limewahi kuelekeza, nalo ni la kompyuta yako peke yake: haisafiri unaposukuma kazi kwenye seva, mkaguzi hawezi kuisoma, na kwa mipangilio ya kawaida maingizo yasiyofikika tena kutoka ncha ya tawi hupitwa na muda baada ya siku 30. Ikiwa toleo la pili bado limo humo, lipe tagi (jina la kudumu) leo, lisukume, kisha lilinganishe na la sasa kwa git range-diff, amri iliyokuja na Git 2.19 mwaka 2018.

Kinachonisikitisha zaidi ni imani kwamba heshi hutambulisha kiraka. Heshi hukokotolewa kutokana na hali ya mafaili, komiti mzazi, mwandishi, aliyeiweka, nyakati zao na ujumbe. Ukisahihisha herufi moja tu ya ujumbe, umepata komiti nyingine, na ndani yake hakuna panapoandikwa kwamba imechukua nafasi ya ile ya awali. Uhusiano huo ni taarifa ya hiari, nayo haipo mpaka mtu au programu iiandike. Mercurial, programu nyingine ya aina ya Git, ina alama maalumu za kuonyesha komiti ipi imerithi ipi. Gerrit, programu ya kukagulia viraka, hutumia mstari wa Change-Id mwishoni mwa ujumbe, ambao hubaki vilevile komiti inaporekebishwa, ingawa matoleo ya zamani yenyewe huhifadhiwa na seva yake, si na mstari huo. Git notes, yaani maelezo ya pembeni yanayoambatishwa kwenye komiti, nazo hazigusi heshi, lakini hazisukumwi wala hazifuati komiti iliyoandikwa upya usipoziagiza.

Badala ya kuandika uhusiano huo, wengi hutunga skripti za kuukisia kwa kulinganisha vichwa vya ujumbe wa komiti, au kwa git patch-id, alama inayokokotolewa kutokana na mabadiliko yenyewe ya kiraka, ambayo hubadilika mara msimbo wa kiraka unapobadilika, yaani pale hasa historia inapohitajika. Makisio hayo huunganisha viraka visivyohusiana na kuvitenga vilivyo kimoja, kisha huonyeshwa kwa wakaguzi kana kwamba ni kumbukumbu. Usiruhusu skripti ya namna hiyo ifute tawi lolote la zamani.