Hiyo "saa nane" ya kurudi kutoka Kalangala ndiyo iliyonipotezea mwaka mzima

Usiende na hiyo ratiba. Umeandika kwamba Ijumaa unapanda meli Nakiwogo kwenda visiwa vya Ssese, unalala Kalangala siku mbili, halafu Jumapili "meli inarudi saa nane, kwa hiyo nitakula samaki bila haraka", na Jumatatu saa tatu una jaribio. Umeuliza pia habari za nguo, malazi, mbu, na kama laki mbili ya Uganda itatosha. Hayo yasubiri. Nani kakuambia saa nane?

Kama ni Mganda na alikuambia kwa Kiswahili, kuna uwezekano mkubwa kakuambia saa mbili asubuhi, na wala hajui kama kakupotosha.

Nilikuwa mwaka wa pili hapa Kampala, mtoto wa Morogoro niliyechoshwa na vumbi la Wandegeya. Meli ya kwenda visiwani inatoka Nakiwogo, pale Entebbe, saa nane mchana. Hiyo ni saa nane yetu, jua limeanza kuinama. Inatembea kama saa tatu na nusu, unafika Lutoboka, gati la kisiwani, jioni. Nilikaa juu nje safari nzima, upepo wa Ziwa Nyanza (Victoria) usoni, visiwa vinajitokeza kimoja kimoja. Ssese ni visiwa 84, na hicho unachokwenda wewe, Bugala, chenye huo mji wa Kalangala, ndicho kikubwa kuliko vyote. Kupendeza panapendeza, hilo sikukatazi.

Usiku ule ule nikamuuliza kijana wa mapokezi pale nilipolala meli ya kurudi Jumapili ni saa ngapi. Aliponisikia natoka Tanzania alifurahi, akaacha Kiingereza, akanijibu kwa Kiswahili: "Saa nane, kaka." Nikarudia: saa nane kamili? "Nane kamili. Haikosei hiyo." Nami nimekuja na meli ya saa nane, naambiwa inarudi saa nane, ningeshuku nini?

Sikia lilivyo sasa. Waganda wengi waliosoma wanahesabu saa kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza ile saa mbili yetu ya asubuhi inaitwa nane. Akitaka kukufurahisha kwa Kiswahili, anaibeba ile nane kama ilivyo na kukukabidhi. Na meli ya Kalangala imekaa vibaya kuliko zote kwa mtego huu, maana inakwenda saa nane kwa hesabu yetu na inarudi saa nane kwa hesabu yao. Zote mbili zinasikika sawa, zimepishana saa sita.

Jumapili nilikuwa nakunywa chai barazani na chapati iliyoviringishiwa mayai. Nikasikia honi. Nikainua macho, nikaiona meli inajitenga na gati, nyeupe juu ya maji tulivu, nikaona hapa kuna picha nzuri. Nikapiga. Picha hiyo bado ninayo kwenye simu, na saa imejiandika pembeni: 8:04. Nilidhani ni meli nyingine. Nikaagiza chai ya pili.

Saa saba mchana nikashuka gatini na begi. Hakuna foleni, hakuna mtu wa tiketi, mbwa kalala katikati ya njia. Nikakaa. Saa nane ikapita, nikasema imechelewa. Saa tisa kasoro mama mmoja aliyekuwa anageuza mukene, yaani dagaa, juani akanitazama kwa huruma, akaniuliza nasubiri nini. Nikamwambia meli. Akaweka ufagio chini, akanijibu kwa Kiganda: "Ssebo, yagenze. Ku ssaawa bbiri ez'oku makya."

Meli imeshakwenda. Bbiri. Mbili. Asubuhi. Kiganda sijui hadi leo, lakini yale maneno hayakuhitaji mkalimani. Hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia: Kiganda kinahesabu saa kama sisi. Bbiri ni asubuhi ile ile yetu, munaana ni saa nane yetu ya mchana. Ningemuuliza yule mama Ijumaa kwa ishara za vidole ningefika darasani. Niliponea kupotea kwa Kiganda nisichokijua, nikapotea kwa Kiswahili changu mwenyewe.

Mnaotaka kucheka chekeni, ila subirini nifike mwisho.

Meli nyingine mpaka kesho yake asubuhi, na jaribio langu lilikuwa Jumatatu saa tatu, kama lako. Kuna vijana wakanifuata na boti ya mashine, wanasema watanivusha hadi Entebbe, jua linazama, jaketi la kuokolea hata moja. Nikakataa, na wewe ukifuatwa kataa. Novemba 2018 boti ya starehe ilizama ziwa hili hili upande wa Mukono, wakafa watu zaidi ya 30. Jaribio linarudiwa, wewe hurudiwi.

Njia iliyobaki ni ya nyuma: boda mpaka Luuku upande wa pili wa kisiwa, feri ya bure mpaka Bukakata, takisi (daladala ya hapa) mpaka Masaka, kisha Kampala. Boda akataka shilingi 40,000, nikatoa bila kubishana. Mvua ikatukuta katikati ya mashamba ya michikichi. Udongo mwekundu ukageuka sabuni, tukaanguka mara mbili, begi likawa tope tupu. Kufika Luuku, feri ya mwisho ilikuwa ng'ambo na taa zimezimwa. Nililala kwenye chumba chenye harufu ya samaki, nimekaa kitako, nahesabu masaa. Jumatatu saa tatu, wenzangu wanafungua karatasi ya maswali, mimi nilikuwa ndani ya takisi, Masaka hata sijaiona. Tukapita Lukaya, wauza kuku na gonja, zile ndizi za kuchoma, wakajaa madirishani kama kawaida, nikashindwa hata kula. Kampala niliingia saa nane mchana. Ndiyo, nane yetu.

Mhadhiri alinisikiliza vizuri, kisha akasema kanuni hairuhusu jaribio la marudio bila cheti cha hospitali. Alama zile zilinipungukia mwisho wa muhula, nikalirudia somo zima mwaka uliofuata na kulilipia upya. Baba aliuza mahindi kabla ya bei kupanda ili nilipe. Hicho ndicho hakijanitoka moyoni.

Yule kijana simlaumu kwa Kiswahili chake. Hapa kimewekwa kuwa lugha rasmi ya pili kikatiba tangu 2005, na ni Julai 2022 tu baraza la mawaziri lilipopitisha kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Kilichonikasirisha ni ile "haikosei". Nilimuuliza mara mbili, akajibu kwa uhakika wa nahodha. Na Watanzania wenzetu walionitangulia Kampala, waliokula chumvi nyingi hapa, waliniachia orodha ndefu ya mahali pa kununua maharage, lakini hili la saa hakuna aliyelitaja. Mnakaa nalo la nini?

Kwa hiyo hapa Uganda ukitajiwa saa, usiipokee ikiwa namba tupu. Muulize: ni asubuhi kabla ya chai, au ni baada ya chakula cha mchana? Kisha mpe kalamu aiandike kwa tarakimu. Akiandika 8 na kukuambia ni asubuhi, umepona. Usione aibu kumuuliza mzee wala mhudumu, wao wenyewe wanacheka na kukuelewa. Jumapili saa moja asubuhi uwe gatini Lutoboka, tiketi mkononi. Samaki wako umle Jumamosi.

Ijumaa nayo toka Kampala mapema, barabara ya Entebbe ina foleni na Nakiwogo watu hujaa. Chukua sweta, juu ya meli kuna baridi.

Halafu hilo jaribio lako la Jumatatu "saa tatu". Ulilisoma mwenyewe ubaoni, au uliambiwa na mwenzako wa darasani kwa Kiswahili? Kaangalie leo, urudi hapa uniandikie.