Bibi, Mchezo wa Visanduku Unachezwaje?

Shikamoo bibi. Nasikia unawapeleka wajukuu kusaka visanduku. Ndiyo mchezo gani? (Mama wa Igoma)

Marahaba, mwanangu. Mtu huficha kisanduku chenye daftari na muhuri, kisha hutoa mafumbo ya kukifikia. Ukikipata unagonga muhuri wako kwenye daftari lake, na wa kwake kwenye lako, unakirudisha palepale. Ulianzia Dartmoor, Uingereza, mwaka 1854, James Perrott, aliyekuwa akiongoza wageni, alipoacha chupa huko Cranmere Pool ili wanaofika waache kadi zao. Mimi huficha mwenyewe alfajiri, wao wakiwa bado wamelala.

Wangu wana miaka minne na sita, hawajui kusoma. Mafumbo watayawezaje? (Bibi wa Nyegezi)

Kitendawili! Wakijibu "Tega!" umeshawapata. Wangu niliwategea hivi: "Mama kambeba mwana, wote hawana miguu." Jibu lake ni jiwe juu ya jiwe, na Mwanza yetu imejaa hayo. Watoto hawa huyapita kila siku bila kuyatazama, lakini asubuhi ile wakawa wanapapasa kila mwamba na kuuliza hili la juu lilipandaje. Mara pimbi akachungulia kwenye mwanya, kisanduku kikasahaulika kabisa. Nakuomba shoga yangu, usiwaharakishe hapo.

Kuchongesha muhuri ni gharama. Nifanyeje? (Babu wa Kirumba)

Soli ya kandambili iliyochakaa inatosha, babu. Chora kwa kalamu, punguza pembeni kwa wembe (wembe ushike wewe), bandika juu ya kizibo. Ukiandika jina, herufi zigeuze. Mjukuu wangu alitaka sato. Alipogonga mara ya kwanza, akainama kuupuliza wino mpaka pua ikabaki nyeusi.

Tukimaliza, waingie ziwani kuoga? (Mama wa Igoma tena)

Hapana, mwanangu. Kichocho hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi, hata mtoto akisimama tu kwenye maji. Visanduku vifiche nchi kavu, mbali na ukingo. Na kabla mkono haujaingia kwenye mwanya, fimbo itangulie, maana nyoka nao hupenda humo.

Je, tufiche kimoja Saanane? (Babu wa Kirumba)

Kisiwani nendeni, boti ni mwendo mfupi tu. Ila tangu 2013 Saanane ni hifadhi ya taifa, msiache kitu. Bebeni madaftari tu, wachore mijusi.