Lipeni kabla ngoma haijalia

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza hivi: jiji likiwa na fungu dogo tu la sanaa, tume yake ya sanaa ianze na nini? Najua wengi watataja sanamu ya katikati ya jiji, jumba la maonyesho, au tamasha kubwa la kila mwaka lenye jina la jiji. Jibu langu halina picha nzuri ya kuweka gazetini: fedha ziende kwa vikundi vidogo vya mitaani, na zitoke kabla ya shughuli. Hayo mengine yatafuata, au yasifuate.

Nasema haya kwa kuwa nimekaa pande zote mbili za meza. Nimekuwa mweka hazina wa kikundi cha ngoma na maigizo, kisha baadaye nikaitwa kwenye jopo la kuchambua maombi ya ruzuku. Upande mmoja unahangaika na fomu moja usiku kucha. Upande wa pili unaletewa rundo la fomu hizo, na unatakiwa ulimalize kabla ya chakula cha mchana.

Ngoja niwaonyeshe bajeti ya sherehe ya mtaa ya siku moja, kama zinavyokuja mezani. Mstari wa kwanza ni jukwaa. Wa pili ni spika na vipaza sauti, pamoja na fundi mitambo wa kukaa navyo. Linafuata jenereta na mafuta yake, maana nguzo ya umeme iliyo hatua kumi kutoka jukwaani hairuhusiwi kuguswa. Turubai na viti. Vyoo vya kukodi. Walinzi. Watu wa huduma ya kwanza. Bima, mtu akiangukiwa na nguzo ya turubai. Ada ya kibali cha kufunga barabara. Ada ya kibali cha kupiga muziki nje. Ada ya kuzoa taka. Chini kabisa, mara nyingi kwa kalamu ya rangi nyingine kwa sababu mtu alikumbuka dakika za mwisho: wasanii. Na mbele ya neno hilo hakuna malipo, kumeandikwa "nauli".

Irudie sasa orodha hiyo huku ukijiuliza nani anayelipwa. Barabara ni ya jiji. Kibali ni cha jiji. Taka zinazolewa na jiji au na kampuni yenye mkataba na jiji. Uwanja wenyewe mara nyingi ni wa jiji pia. Kwa hiyo tume ya jiji inatoa ruzuku asubuhi, na ikifika jioni idara nyingine za jiji hilohilo zimeshaichukua sehemu yake kwa njia ya ada. Kwenye ripoti ya mwaka inaandikwa kwamba sanaa imesaidiwa. Mpiga ngoma amepata nauli.

Ndiyo maana naamini jambo la kwanza ambalo tume inaweza kulifanya halihitaji hata fedha mpya. Ikae na idara za barabara, usafi, afya na polisi, ikubaliane nao kwamba shughuli ya mtaa isiyotoza kiingilio inasamehewa ada, na kwamba maombi yote yanapita dirisha moja. Leo mtu anazungushwa: huku anaambiwa alete barua ya polisi, polisi wanataka barua ya barabara, barabara wanataka uthibitisho wa bima, na kampuni ya bima haikubali kuandika chochote bila kibali. Kikundi chenye ofisi na mtu wa mshahara kitaweza kuizunguka duara hiyo. Kikundi cha watu wanaofanya mazoezi baada ya kazi hakiwezi, labda mmoja wao aache kazi.

Lakini kinachoniuma zaidi ni hili la kulipa baadaye.

Utaratibu katika mifuko mingi ya umma ni kwamba unapewa barua ya kukubaliwa, unatumia fedha zako, unakusanya risiti, unaandika ripoti, ndipo unarudishiwa. Ukiusikia harakaharaka unaonekana wa busara: fedha za umma hazitupwi hovyo. Sasa jiulize ni nani mwenye uwezo wa kuikopesha serikali ya jiji gharama za tamasha zima na kusubiri miezi. Ni yule ambaye angefanya tamasha hata bila ruzuku. Mwenye spika hakodishi kwa kuonyeshwa barua ya tume, anataka malipo ya awali mkononi. Mwenye turubai vilevile. Basi mwenyekiti wa kikundi anakopa kwa ndugu, anaweka rehani heshima yake, halafu risiti moja ya mafuta inakuwa haina muhuri na fungu lote linakwama mezani kwa mhasibu. Mwaka unaofuata hamtamwona kwenye maombi. Tume itasema mtaa ule hauna mwamko wa sanaa.

Nawaelewa wahasibu, wala siwaiti wabaya. Mkaguzi akija hatauliza kama watoto walicheza, atauliza risiti. Ila dawa ipo na haihitaji mtaalamu kutoka nje. Ruzuku ndogo ilipwe yote mwanzoni, kwa fomu ya ukurasa mmoja, na taarifa ya mwisho iwe picha na maelezo mafupi, hata ya sauti. Ruzuku ya kati igawanywe, sehemu kubwa itangulie na kiasi kidogo kibaki hadi ripoti iingie. Masharti mazito, ya mahesabu yaliyokaguliwa na bodi iliyosajiliwa, yawekwe kwa wale wanaochukua mafungu makubwa. Siku hizi mara nyingi nakuta mambo yamegeuzwa: anayeomba kidogo anajaza kurasa zilezile anazojaza mwenye jumba la maonyesho. Na kwa kikundi ambacho hakijasajiliwa, taasisi iliyosajiliwa inaweza kuipokea fedha kwa niaba yake. Njia hiyo inatumika sehemu nyingi, mradi taasisi mlezi isikate fungu nono kwa ajili ya "uendeshaji".

Mtu atauliza fedha zinatoka wapi. Dunia imejaribu njia mbili kubwa. Ya kwanza ni asilimia ya ujenzi: Ufaransa ilianza mwaka 1951 kwa majengo ya shule, ikitenga asilimia 1 ya gharama kwa ajili ya kazi za sanaa, na Philadelphia, Marekani, ikaweka sheria ya namna hiyo mwaka 1959. Seattle ikafuata mwaka 1973. Ni njia nzuri, nami siibezi, lakini ina kasoro iliyozaliwa nayo: fedha inafuata zege. Mtaa unaojengewa kituo kipya cha treni unapata na sanaa yake juu. Mtaa ambao serikali haijajenga kitu kwa miaka ishirini haupati hata rangi. Tena fedha hiyo kwa kawaida hununua kitu kinachosimama, siyo watu wanaotembea na kuimba. Huwezi kumlipa mwalimu wa ngoma kwa asilimia ya daraja, isipokuwa sheria imeruhusu waziwazi.

Njia ya pili ni kodi ya vyumba vya hoteli. San Francisco ilianza kutumia sehemu ya kodi hiyo kwa sanaa mwaka 1961, na mfuko wake una sifa moja ninayoipenda: unalipia uendeshaji wa kawaida, kodi ya pango, umeme, mshahara wa mtu wa ofisi, badala ya kudai kila mwaka "mradi mpya". Anayeendesha kikundi anajua thamani ya hilo. Chumba cha mazoezi hakina uzinduzi wala utepe wa kukata, lakini kikundi kikikosa chumba kinakufa. Udhaifu wa njia hii tuliuona mwaka 2020, korona ilipofunga safari. Hoteli zikawa tupu na mifuko inayozitegemea ikayumba, wakati uleule wasanii walipokuwa hawana pa kupigia. Kwa hiyo tume yenye akili haitegemei bomba moja.

Zipo pia njia za kusaidia zisizopitia benki kabisa. New York ina mpango wa idara yake ya utamaduni uliozaliwa mwaka 1978, Materials for the Arts. Kampuni na watu wanaleta vitu wasivyovihitaji tena, vitambaa, karatasi, fremu, mapambo ya jukwaa, navyo vinahifadhiwa ghalani. Shule za umma na vikundi vya sanaa visivyo vya biashara vinakwenda kuchukua bure. Ghala hilo lingefanya nini kama lingekuwa pia na jukwaa la kukunjwa, seti mbili za spika, jenereta moja na turubai? Rudi kwenye ile bajeti yangu ukafute mistari minne ya kwanza. Kinachobaki kinaweza kumlipa msanii malipo halisi, yenye tarakimu.

Sasa niwatendee haki wenye kupenda tamasha kubwa. Si kila kikubwa kinameza vidogo. Bogotá, Kolombia, ina Rock al Parque, tamasha la muziki wa roki lililoanza mwaka 1995, la jiji, la bure, na watu wanaojaa humo ni maelfu kwa maelfu. Nalitaja kwa sababu lina mlango: bendi za jijini zinaomba, zinasikilizwa, zinachujwa, na zinazopita zinapanda jukwaa moja na wageni wakubwa. Tamasha kubwa lisilo na mlango huo ni tangazo la utalii, na bajeti yake ichukuliwe kwa watu wa utalii. Napendekeza kipimo rahisi. Wasanii wa mitaani wamepangiwa saa ngapi? Wakiwekwa saa nane mchana, jua la utosi, viti vitupu, fundi mitambo bado anajaribu waya, basi jibu unalo.

Kuhusu nani achague wa kupewa, nitapita haraka kwa sababu halina mjadala mkubwa kichwani mwangu. Diwani asikae kwenye jopo. Waingereza walipounda baraza lao la sanaa mwaka 1946 walishika msimamo wa serikali kutoa fedha na kukaa mbali na uchaguzi wa kazi, na pamoja na mivutano yote ya baadaye sijaona ulio bora kuliko huo. Jopo liwe la wasanii, watu wa mitaani na mtu mmoja anayejua hesabu, wabadilishwe kila mwaka, wajitoe panapokuwa na ndugu au rafiki, na walipwe posho. Wasipolipwa watakuja wenye nafasi tu, na wenye nafasi watachagua wenzao.

Na kuwauliza wananchi kufanyike kabla. Mwaka 1981 serikali kuu ya Marekani iliweka ukuta wa chuma wa Richard Serra, Tilted Arc, wenye urefu wa karibu mita 37, katikati ya uwanja mbele ya ofisi zake jijini New York. Waliofanya kazi humo waliona umewakatia njia. Kikao rasmi cha kuwasikiliza watu kikafanyika mwaka 1985, na mwaka 1989 ukuta ukakatwa na kuondolewa. Msanii alisema kazi yake imetengenezwa kwa ajili ya pale na kuihamisha ni kuiua. Kila upande ulikuwa na hoja, ila zilisikika miaka minne baada ya chuma kuchomekwa. Linganisha na mpango wa michoro ya kutani wa Philadelphia ulioanza mwaka 1984, ukiwaita vijana waliokuwa wakichafua kuta wazitumie rangi hizo kihalali. Pale mazungumzo na wakazi wa eneo ni sehemu ya kazi yenyewe, siyo adabu ya kuongezea mwishoni.

Najua pingamizi linalokuja, maana nimelisikia kila mara nikisema "lipeni mapema": vikundi vidogo vitakula hela. Baadhi vitakula, ndiyo. Hata miradi mikubwa ya ujenzi inaliwa, tena kwa kijiko kikubwa zaidi, na hatujasikia ikiambiwa ijenge kwanza kwa fedha zake halafu irudishiwe. Kikundi kidogo kina mlinzi ambaye mkandarasi hana, nao ni majirani. Tume ibandike kwenye ofisi ya kila kata karatasi moja yenye jina la kikundi, kiasi kilichotolewa, kimetolewa kwa ajili ya nini na shughuli itakuwa tarehe gani, mahali gani. Siku ikifika, watu wa mtaa huo watajua kama ngoma imepigwa au haikupigwa, na mwenyekiti wa kikundi atalazimika kupita mbele yao asubuhi yake akienda dukani.