Mwenye Magunia au Aliyebeba Magunia?

SWALI: Ninafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari mjini Lindi. Niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili sentensi za kufasiri, na mojawapo ilimtaja mtu aliyeonekana nje ya ghala la korosho kwa maneno haya: "the man with the bags". Wengi waliandika "mtu na magunia", wachache wakaandika "mtu mwenye magunia", na mmoja akaandika "mtu aliyebeba magunia". Sentensi nyingine ilimtaja mwanamke "in a khanga", na karibu darasa zima likaandika "mwanamke katika kanga". Najua kuwa baadhi ya majibu hayo si Kiswahili, lakini nimeshindwa kuwaeleza sababu. Naomba msaada.

JIBU: Ndugu Mwalimu, nianze na yule mwanafunzi mmoja aliyeandika "aliyebeba", kwa sababu alijiuliza swali ambalo Kiingereza hakikumlazimisha kujiuliza: magunia hayo yanahusianaje na huyo mtu? Neno "with" linatosheka kusema kwamba mtu na magunia wako pamoja. Halisemi kama ni mali yake, ameyabeba, anayalinda au amesimama tu kando yake. Kiswahili hakikubali ukimya huo. Katika mikoa yetu hii, msimu wa korosho unapofika, hakuna asiyejua kwamba mwenye magunia ni mkulima anayesubiri malipo yake, aliyebeba magunia ni mchukuzi anayelipwa ujira wa mgongo wake, na mtu wa magunia ni yule anayeyauza yakiwa matupu. Hao ni watu watatu tofauti, na Kiingereza kinaweza kuwataja wote kwa kihusishi kimoja.

"Mtu na magunia" ni kosa kwa sababu "na", inapokaa kati ya nomino mbili, huzipanga bega kwa bega, kama tunavyosema ugali na samaki au mtu na mkewe. Anayesoma "mtu na magunia" anaona vitu viwili vilivyotajwa pamoja, wala haoni mtu anayeelezwa kwa magunia yake. Watoto wamepotezwa na sentensi sahihi wanazozisikia kila siku, kama "alikuja na magunia" au "ana magunia", ambamo "na" imeshikwa na kitenzi. Wameing'oa humo na kuibandika kwenye nomino. Waonyeshe kwamba ikirudishiwa mshikizi wake inafaa tena: "mtu aliye na magunia" ni Kiswahili safi.

Kivumishi cha "-enye" ndicho kilicho karibu zaidi na "with", lakini asili yake ni umiliki au mamlaka juu ya kitu, kama tunavyoona katika mwenyeji, mwenyekiti na mwenye nyumba. Tena kina uwezo ambao kihusishi cha Kiingereza hakina, maana kinasimama peke yake bila kuhitaji nomino mbele yake. Wahenga waliposema "mwenye shibe hamjui mwenye njaa", hawakuhitaji kutaja neno "mtu" hata mara moja. Kutoka kwenye umiliki, "-enye" imeenea hadi kwenye maumbile na alama za mwilini: mwenye ndevu, mwenye mwanya, mwenye upara, mwenye kovu shavuni. Bibi wa Kimakonde tunamwita mwenye ndonya na mwenye chale. Ndonya ni pambo linalopachikwa kwenye mdomo wa juu, na kwa hesabu ya juu juu lingeweza kusemwa kuwa limevaliwa, lakini kwa kuwa limekaa na mwili miaka mingi, "mwenye ndonya" hunikalia vizuri zaidi masikioni kuliko "aliyevaa ndonya".

Kwa mavazi ya kawaida mambo hubadilika. Mtu akisahau kofia kwenye kivuko cha Kitunda, ataulizwa "mwenye kofia hii ni nani?" ingawa wakati huo kichwa chake ki wazi. Kwa hiyo, unapotaka kusema kwamba kofia iko kichwani, "aliyevaa kofia" ni salama zaidi, ijapokuwa "mwenye kofia" pia hutumika pale ambapo hakuna wa kutatanika. Wanafunzi watakuuliza kwa nini tunatumia "-li-" ilhali mtu huyo bado amevaa kofia yake. Swali hilo lina jibu zuri. Hali ya kuwa umevaa huonyeshwa kwa "-me-", yaani "amevaa", lakini katika Kiswahili sanifu "-me-" haipokei kirejeshi (kama "-ye-" ya "aliyevaa") ndani ya kitenzi, ndiyo maana husemi "ameyevaa". Tuna njia mbili basi, "ambaye amevaa" au "aliyevaa", na hii ya pili hubeba hali inayoendelea mpaka sasa. "Anayevaa kofia" ni jambo jingine kabisa: ni mtu mwenye mazoea ya kuvaa kofia, au yule ambaye mikono yake iko kichwani wakati huu akiiweka sawa.

Sasa tufike kwenye kanga, ambako nina uchungu zaidi. Kilicho katika kanga ni zile noti ambazo mama amezifunga kwenye pindo, si mama mwenyewe. "Katika" hutaja mahali au eneo, na vazi kwetu si mahali pa kuingia. Juu ya hilo, Kiswahili hakiridhiki hata na "vaa" peke yake, kwa kuwa kila kitu kinachowekwa mwilini kina kitenzi chake. Kanga hufungwa na hutandwa: mwanamke mwenye doti amejifunga moja kiunoni na kujitanda ya pili kichwani au mabegani, na kama ana mtoto, amembeba kwa kanga mgongoni. Kilemba hupigwa, tai hufungwa, hina na wanja hupakwa. Mwanafunzi anayeandika "katika kanga" amepoteza habari yote hiyo, na kosa lake limekuwa zito kuliko sarufi, maana ameacha kumwona mama anayemfahamu, anayepita mbele ya nyumba yao kila asubuhi. Magazeti siku hizi hupenda "aliyevalia", na sikatai, ingawa "aliyevaa" inatosha.

Kihusishi hicho hicho "in" kimezaa kosa la umri ambalo ninalisikia hata kwa watangazaji: "mwanaume katika miaka yake ya 50". Sema mtu wa makamo, au aliyepita miaka 50, au mwenye umri wa miaka 50 na ushei.

Kuhusu mahali, tofautisha "wa" na kirejeshi. Kijana wa dukani ndiye anayeuza pale kila siku, lakini kijana aliyepo dukani huenda ameingia kununua kiberiti. Katika mazungumzo, hasa mtu anaponyoosha kidole, utasikia pia "yule wa shati jeupe". Usiwakataze wanafunzi kusema hivyo, maana ni Kiswahili cha asili cha kumtofautisha mtu na wenzake waliosimama naye, ila katika insha waandike "aliyevaa shati jeupe".

Kuhusu alama, ningewapa zote walioandika "mtu mwenye magunia" pamoja na yule wa "aliyebeba", kwa kuwa sentensi yako haikueleza magunia ni ya nani, kisha ningewaita mbele ya darasa wajibizane: nani kati ya watu wao wawili atakayelipwa fedha za korosho? Walioandika "mtu na magunia" na "katika kanga" warudie. Katika sentensi ya kanga pokea "aliyevaa kanga", lakini anayeandika "aliyejifunga kanga" mwongezee alama moja.