Ameitwa mwizi kabla ya kuulizwa

Swali: Kikundi chetu cha maombi hapa Umoja, Nairobi, kina waumini wa makanisa matatu. Mweka hazina alitoa shilingi 18,000 za mfuko wa msiba akamlipia mwenzetu aliyelazwa, bila kuiuliza kamati. Kwenye WhatsApp wengine wanamwita mwizi, wengine wanasema ametenda huruma. Tumefunga siku tatu na bado hatusalimiani. Tufanyeje?

Jibu: Kufunga ni kwema, ila kuna hatua mmeiruka. Mathayo 18:15 inamtaka aliyekosewa amwendee mwenzake, wawili peke yao. Kwenu, neno "mwizi" limesomwa na kikundi kizima kabla mtu hajamuuliza mama huyo mweka hazina lolote. Aliyeliandika aombe radhi palepale kwenye WhatsApp. Lililosemwa hadharani halitengenezwi kwa simu ya faragha.

Kisha mmoja wa wanaolalamika amwendee na swali: "Dada, zile elfu kumi na nane zilitokaje?" Akishauliza, anyamaze asikilize. Wasipoelewana, mstari wa 16 unataka aongeze mtu mmoja au wawili. Watoke katika lile kanisa ambalo wao wawili hawaabudu. Mchungaji wa mmoja wao, hata awe mwadilifu vipi, mwingine hatamwamini.

Siku ya kikao leteni ujumbe wa M-Pesa, risiti ya hospitali na daftari la michango. Aombe asiyehusika, tena kwa ufupi. Maombi ya kumrushia mwenzako vijembe huku amefumba macho huharibu kikao kabla hakijaanza. Halafu tenganisheni maswali mawili. Je, pesa zilifika hospitalini? Risiti itajibu. Je, alikuwa na ruhusa? Hilo mtalitafuta katika kanuni mlizoandika. Kama zilifika, si mwizi. Amevunja utaratibu, na aungame hilo tu. Kama hazikufika, azirudishe kwa tarehe zitakazoandikwa. Msilazimishe watu kukumbatiana siku hiyo.

Je, mfuko wa msiba unaweza kusaidia mgonjwa? Hapo hakuna dhambi, ni maoni, pigeni kura.

Kisha someni Matendo 6. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakuwanyamazisha walalamikaji. Waliagiza wachaguliwe watu saba, na majina yote saba, kuanzia Stefano hadi Nikolao, ni ya Kiyunani. Yaelekea wengi wao walitoka upande ulioumia. Nanyi fanyeni hivyo: kila pesa inayotoka iwe na sahihi mbili, na ya pili iwe ya mmoja wa waliolalamika.